Guu Limevunjika kwa Kumsikia Mkuu

Nimechoka kusikia "kaza".

Kijana anakimbia, paja linauma, anaambiwa kaza. Kesho yake linauma zaidi, anaambiwa kaza. Wiki inayofuata anachechemea, anaambiwa aache kudeka. Kisha asubuhi moja anakanyaga kama alivyokanyaga maelfu ya mara, unasikika mlio, kijana yuko chini na fupa la paja limekatika. Wale wale waliokuwa wakimpigia kelele wanasimama pembeni wakiulizana: imekuwaje?

Imekuwaje? Mmemvunja. Ndivyo ilivyokuwa.

Wahenga walituonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwenye jambo hili methali imepinduka. Kijana huyu alimsikia mkuu. Alimsikia afande, alimsikia kocha, alimsikia mwalimu wa michezo, alimsikia kiongozi wa kikundi cha mbio cha mtaani. Alisikia, akatii, akakaza. Guu limevunjika kwa utiifu wake.

Na wewe msomaji ulikuwa wapi? Ulikuwepo. Ulimwona mwanao akishuka ngazi upande upande. Ulimwona rafiki yako akijishika kinena kila mkimaliza mbio za Jumamosi. Ukamwambia apake dawa ya kuchua, ukaendelea na chai yako.

Leo tuambizane ukweli.

Sizungumzii ajali ya bodaboda wala kuanguka kutoka mwembeni. Nazungumzia ufa unaoanza kimya kimya ndani ya mfupa wa kijana mwenye afya yake, wa miaka kumi na nane, ishirini, ishirini na tano. Mfupa umebebeshwa mzigo ule ule mara nyingi mno, haukupewa nafasi ya kujijenga, ukachoka, ukapasuka. Ni ufa wa mkazo. Huupata mfupa wa mguu chini ya goti, huzipata nyayo, na hulipata paja.

Fupa la paja ndilo refu na imara kuliko mifupa yote mwilini. Hapo ndipo watu wanapokataa kuamini. Paja livunjike bila kugongwa? Livunjike mtu akiwa anatembea? Ndiyo, linavunjika. Ngoma ikilia sana hupasuka, hata ikiwa ya ngozi ya nyati.

Mfupa ni kitu hai. Ukiutumikisha kuliko ulivyozoea, mwili huufanyia ukarabati, na ukarabati huo huanza kwa kubomoa. Chembe hai za kubomoa hula sehemu iliyochoka kwa muda wa wiki tatu hivi. Chembe za kujenga hufuata nyuma, na kazi yao huchukua miezi mitatu au zaidi. Ni kama fundi aliyekwisha kuondoa matofali ya zamani ukutani, mapya bado mabichi, na wewe unapandisha ghorofa juu yake.

Ndiyo maana balaa haliji siku ya kwanza. Linakuja wiki ya tatu, ya nne, ya sita, wakati kijana mwenyewe anajiona yuko imara. Pumzi imefunguka. Moyo umezoea. Misuli imekaza. Mfupa ndio uliobaki nyuma, na hakuna anayeuuliza.

Fanya hesabu nyepesi. Kilomita moja ya mbio ni karibu hatua elfu moja. Kilomita kumi ni hatua elfu kumi. Kila hatua, nyonga inabeba uzito wa mwili mara kadhaa. Zidisha kwa siku sita za wiki. Ongeza buti. Ongeza mzigo mgongoni. Punguza usingizi mpaka saa nne kwa usiku. Punguza na chakula. Unategemea nini?

Kila mwaka Tanzania vijana waliomaliza kidato cha sita huitwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013. Wengine huingia vyuo vya polisi, vya magereza, vya uhamiaji. Kenya na Uganda nako vijana hupanga mistari mirefu wakisubiri kuandikishwa. Jiulize wanatoka wapi. Wanatoka kwenye madawati. Miaka miwili wamekaa wakikariri, mazoezi yao makubwa ni kutoka bwenini kwenda darasani na kurudi. Ghafla, ndani ya juma moja, ni mchakamchaka alfajiri, kwata mchana, kazi za mikono jioni, zamu ya ulinzi usiku.

Sipingi mchakamchaka. Naupenda. Nchi inahitaji vijana wakakamavu, na mafunzo ya kijeshi hayawezi kuwa sherehe ya kuzaliwa. Ninachokipinga ni kumtoa kijana kwenye dawati na kumpandisha kileleni kwa wiki mbili, kisha mfupa ukigoma unamwita mtegaji.

Mtegaji! Tuhuma hiyo ndiyo inayovunja mapaja ya vijana wetu. Kuruta anayeomba ED, yaani ruhusa ya kupumzika kwa ugonjwa, anatazamwa kama mwongo mpaka alete ushahidi. Na ushahidi wenyewe ataupata wapi, wakati paja halijavimba, halina jeraha, halina hata alama?

Wategaji wapo, simtetei yeyote. Lakini pima hasara mwenyewe. Mtegaji ukimpumzisha wiki mbili bila sababu, umepoteza wiki mbili. Mwenye ufa ukimkimbiza wiki mbili, umepoteza mguu wa mtoto wa watu. Mizani hii ina ugumu gani?

Usiniambie hatukujua. Tumejua tangu zamani sana. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aliyeitwa Breithaupt aliandika habari za askari waliovimba miguu na kushindwa kutembea baada ya mwendo mrefu. Mwaka 1897, miaka miwili tu baada ya eksirei kugunduliwa, picha zikaonyesha kwamba mifupa ya miguu ya askari wa namna hiyo ilikuwa imevunjika. Tangu siku hiyo hakuna jeshi lenye haki ya kusema halijui.

Mwaka 1985 madaktari wa Israel walitoa matokeo ya kuwafuatilia makuruta 295 wakiwa mafunzoni. Asilimia 31 walipata nyufa za mkazo. Karibu mmoja kati ya kila watatu! Na nyufa zenyewe hazikuwa za vidole. Nyingi zilikuwa kwenye mfupa wa mguu chini ya goti na kwenye fupa la paja.

Subiri, lipo la kutisha zaidi. Katika nyufa zile za paja, asilimia 69 hazikuwa na maumivu. Kijana anakimbia, anaimba, anapiga kwata, paja limepasuka na hana habari.

Sasa nijibu. Kama wengi hawasikii kitu, huyu mmoja anayesikia, anayekuja kwa miguu yake mwenyewe kukwambia "afande, paja linaniuma", unamfukuza kwa sababu gani? Huyo ndiye aliyebahatika kupewa onyo. Wewe unamnyang'anya.

Waisraeli hawakuishia kuhesabu waliovunjika. Walipunguza jumla ya mwendo na wakaamuru kuruta alale angalau saa sita kila usiku. Nyufa zikapungua kwa zaidi ya nusu. Usingizi! Hakuna mashine iliyonunuliwa, hakuna mkopo uliokopwa. Waliwaacha vijana walale. Sisi bado tunadhani kumkesheza kijana ndiko kumkomaza.

Nilikaa benchi moja na kijana mmoja nje ya kliniki ya mifupa. Miaka ishirini na miwili. Magongo yameegemezwa ukutani, bahasha ya kaki mapajani, ndani yake picha mbili za eksirei. Alizitoa, tukazishika kuelekea dirishani.

Ya kwanza ilikuwa safi. Ilipigwa siku chache baada ya kinena kuanza kuuma, na karatasi iliyoambatana nayo ilisema mifupa haina tatizo. Kwa karatasi hiyo alirudishwa mazoezini siku ile ile. Nani angemsikiliza tena?

Ya pili ilipigwa alipoanguka. Kichwa cha fupa la paja kilikuwa kimebaki peke yake ndani ya nyonga, fupa lenyewe limeteleza na kupanda juu. Nilimuuliza lilikatika akifanya nini. Akaniambia, "Kwata tu, mzee wangu. Tuliambiwa nyuma geuka. Nikageuka."

Nyuma geuka! Hakuruka ukuta, hakubeba gogo. Aligeuka.

Shika jambo hili hata kama mengine yote utayasahau: eksirei ya wiki za mwanzo hukosa nyufa nyingi kuliko inazoziona. Ufa mchanga ni mwembamba kuliko unywele. Picha huanza kuuonyesha mwili unapokuwa umeweka mfupa mpya kuuzunguka, na hilo huchukua wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Picha safi haimaanishi paja zima. Tabibu anayeandika "hakuna tatizo" na kumrudisha kijana mbioni kwa picha ya wiki ya kwanza ameandika hukumu.

Kipimo kinachouona mapema ni MRI. Najua, haipo kila wilaya, na mahali ilipo haipatikani bure. Ndiyo hali yetu. Lakini magongo yapo. Hata fundi seremala wa kijijini anaweza kuyachonga. Mahali pasipo na MRI, kanuni ni moja: kijana anayefanya mazoezi mazito, mwenye maumivu ya ndani ya kinena au paja yanayokuja akikimbia na kutulia akipumzika, mhesabu kuwa ana ufa mpaka ithibitike hana. Mpe magongo, asiukanyage mguu, apigwe picha nyingine baada ya wiki mbili au tatu. Na tafadhali, usimwambie arukeruke kwa mguu mmoja ili umpime. Unaweza kumalizia ulichokuwa unakitafuta.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya ugonjwa huu yanasomeka. Mwanzoni paja au kinena huuma mwishoni mwa mbio. Baadaye huuma katikati. Kisha kuanzia hatua ya kwanza. Kisha hata kutembea kwenda dukani. Kisha usiku kitandani. Wakati mwingine maumivu hushuka, kijana anashika goti na goti lenyewe ni zima, tatizo liko nyonga. Wangapi wamekandwa goti wiki nzima wakati nyonga inapasuka?

Na hapo ndipo tunapoingia na ujuzi wetu wa mtaani. Maji ya moto. Barafu. Kuchuliwa na mtu mwenye mikono mizito. Vidonge vya diklofenaki vya duka la dawa, viwili asubuhi, viwili jioni, ili kesho akimbie. Kidonge hakiungi mfupa. Kinamzima mlinzi aliyekuwa anapiga filimbi, na mwizi anaendelea na kazi yake.

Sehemu mbaya kuliko zote ni shingo ya fupa la paja, pale mfupa unapokunja kuingia nyonga. Ufa wa upande wa chini wa shingo hubanwa kila unapokanyaga. Ukiwa mdogo, magongo na uangalizi wa wiki sita mpaka nane mara nyingi huuponya. Ufa wa upande wa juu huvutwa ufunguke kila unapokanyaga. Huo hausubiri. Unahitaji daktari bingwa wa mifupa aweke skrubu kabla haujaachia.

Ukiachia, hiyo ni dharura. Damu inayokilisha kichwa cha fupa la paja hupita kwa mishipa midogo inayopanda kwenye shingo ile ile. Mfupa ukiteleza, mishipa hukatika au kubanwa, na kichwa cha mfupa kinaweza kufa. Kinakufa taratibu, kwa miezi, kijana akiwa amekwisha kufanyiwa upasuaji na ndugu wameshashukuru Mungu kwamba yamekwisha.

Hayajaisha. Kichwa kilichokufa hubomoka, nyonga husagika, na kinachobaki ni kubadilishiwa nyonga. Nyonga ya bandia kwa mzee wa miaka sabini ni neema. Kwa kijana wa miaka ishirini na miwili ni mkataba wa maisha na chumba cha upasuaji, maana nyonga hiyo inachakaa, na yeye bado ana miaka hamsini ya kuishi.

Fikiria maisha yenyewe, yale ya kwetu. Choo cha kuchuchumaa. Kuinama shambani. Kupanda daladala linaloondoka kabla hujaketi. Kusujudu. Kukaa mkekani msibani. Kijana aliyetaka kuwa askari hataki tena hata kusikia wimbo wa mchakamchaka. Mchumba atamwuliza kwa nini anachechemea. Mama ameuza ng'ombe, baba amekopa, shangazi amechangisha ukoo mzima, na mguu mmoja umebaki mfupi kuliko mwingine.

Yote hayo kwa sababu mtu mmoja hakutaka kusema: leo pumzika.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa hata ukuta haujengeki ukarudi kama ulivyokuwa.

Na wasichana? Hao tumewatelekeza kabisa. Kwenye mafunzo yale yale, wasichana hupata nyufa za mkazo zaidi ya wavulana. Wanapangwa mstari mmoja na wanaume waliowazidi urefu, wanavuta hatua ndefu kuliko miguu yao ili mstari upendeze, na nyonga zinalipa gharama.

Kuna jingine ambalo makocha wetu hawataki kulitamka. Msichana anayekimbia sana na kula kidogo hukosa hedhi. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nimewasikia watu wazima wakisema hiyo ni dalili kwamba mazoezi yamemwingia. Mazoezi yamemwingia? Mwili umefunga duka! Chakula hakitoshi, homoni zimeshuka, na mfupa uliokuwa ukilindwa na homoni hizo umeachwa uchi. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko rasmi kwamba upungufu wa nishati kwa wanamichezo unadhuru mifupa, moyo, kinga ya mwili na uzazi, na kwamba wanaume nao hawakusalimika. Kocha unayewapima wasichana wako uzito kila Jumatatu na kuwasema mbele ya wenzao, tamko hilo ulilisoma?

Chakula ni mfupa. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa makuruta wa kike 5,201 wa jeshi la majini la Marekani. Waliopewa kalisi na vitamini D walipata nyufa pungufu kwa asilimia 20 kuliko wenzao, na ilikuwa kwa wiki nane tu. Sisi hatuhitaji kusubiri vidonge vya meli. Tuna dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Tuna maziwa. Tuna jua mwaka mzima. Kinachokosekana ni mtu wa jikoni kupewa bajeti inayolingana na kilomita anazokimbizwa kijana.

Sasa nikugeukie wewe wa mjini. Ulidhani naandika habari za makuruta tu?

Mtanzania Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo Septemba 2025, nchi nzima ilishangilia, na ilistahili. Lakini wewe, uliyekaa ofisini miaka mitano bila kukimbilia hata basi, umejiandikisha mbio za kilomita 21 zinazofanyika mwezi ujao. Umenunua raba mpya. Umejiunga na kikundi. Wiki ya kwanza kilomita tano, wiki ya tatu kilomita kumi na tano, picha zimejaa kwenye simu. Kinena kinauma, lakini medali ni nzuri na fulana umeshalipia.

Nani amekudanganya kwamba mabingwa hufanya hivyo? Eliud Kipchoge, katika kambi yake ya Kaptagat chini ya kocha Patrick Sang, alijulikana kwa ratiba isiyobadilika: siku ngumu zilikuwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku zilizobaki alikimbia mwendo mwepesi. Na mifupa ya wakimbiaji hao imejengwa tangu utotoni, kwa miaka, kilomita juu ya kilomita. Wewe unataka mavuno ya miaka ishirini kwa wiki sita.

Ukiona bado unabisha, mtazame Paula Radcliffe wa Uingereza. Mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2:15:25, rekodi ya dunia iliyodumu mpaka Brigid Kosgei wa Kenya alipoivunja mwaka 2019. Alikuwa na makocha, madaktari, na kila kipimo kinachonunulika. Mwaka 2008, miezi michache kabla ya Olimpiki ya Beijing, fupa lake la paja lilipata ufa wa mkazo. Alikwenda Beijing akiwa na mazoezi pungufu, akamaliza wa 23. Kama paja la bingwa wa namna hiyo lilipasuka, lako limetengenezwa kwa chuma gani?

Najua wazee wenzangu mnachotaka kusema. "Sisi zamani tulikimbia, hatukuvunjika. Vijana wa siku hizi ni laini."

Mlivunjika. Mlikuwa hamhesabu. Yule mwenzenu aliyerudishwa nyumbani katikati ya mafunzo "kwa sababu za kiafya", mlimuuliza mguu ulikuwaje? Yule jirani anayechechemea tangu ujana wake na kusema ni ya zamani hayo, mlimpiga picha? Na kama kweli mlivunjika wachache, sababu ni kwamba mlitembea kwenda shule, mlichota maji, mlicheza mpira mpaka giza. Mifupa yenu ilianza mafunzo miaka kumi kabla ya kambi. Utafiti mwingine wa Israel ulionyesha jambo hilo hilo: makuruta waliocheza mpira wa kikapu na michezo ya namna hiyo kwa miaka miwili au zaidi kabla ya jeshi walipata nyufa chache sana kuliko wasiocheza.

Kwa hiyo kijana wa leo akiwa laini, nani aliyemlainisha? Nani aliyegeuza viwanja vya mpira kuwa fremu za maduka? Nani aliyefuta kipindi cha michezo ili watoto wapige mtihani wa majaribio? Tumemnyima mfupa, kisha tunamcheka kwa kuvunjika.

Basi niseme ninachotaka, na nakisema bila kuomba radhi.

Wewe mkufunzi, panda ngazi moja moja. Wiki za mwanzo punguza mwendo, ongeza kidogo kidogo, na kila baada ya wiki tatu za kupanda wape wiki moja nyepesi mifupa ishike. Walaze saa sita au zaidi. Usitumie kukimbia kama adhabu ya kila kosa. Kijana aliyechelewa kupanga foleni hahitaji kilomita tano za ziada juu ya mfupa uliochoka.

Wewe kocha, msichana akikosa hedhi miezi mitatu, msimamishe na mpeleke kwa daktari. Uzito wake hauuzwi sokoni.

Wewe tabibu wa kambi, wa zahanati, wa klabu, usidanganywe na eksirei safi. Sikiliza kinena. Andika magongo. Ukiwa na shaka, mpe rufaa leo, usingoje aanguke ndipo umpigie simu dereva wa gari la wagonjwa.

Wewe mzazi, mtoto akipiga simu usiku akisema paja linauma mpaka halali, usimwambie wenzake mbona wanavumilia. Mvumilivu hula mbivu, lakini ufa hauivi. Piga simu kambini. Uliza. Sumbua. Aibu ya kusumbua ni ndogo kuliko gharama ya nyonga.

Na wewe kijana, mwenye mguu. Usione haya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha ufa kitanda humuumbua. Ukisikia maumivu ndani ya kinena au paja yanayorudi kila ukikimbia, simama siku hiyo hiyo. Usimeze kidonge ili umalize. Sema. Ukifukuzwa, sema tena kwa mwingine. Mbio zipo mwakani, medali zinatengenezwa kila mwezi, mafunzo hurudiwa.

Ufa wa paja ukikamatwa mapema mara nyingi hupona kwa kupumzika, kula, kulala na magongo. Ukipuuzwa humaliza mguu. Kati ya hayo mawili kuna mtu mmoja tu anayetakiwa kumwamini kijana anaposema anaumia. Mtu huyo awe wewe, na awe leo.